Pembe Isiyo na Kwao

Apandaye gari moshi Tabora kwenda Kigoma hupita Urambo, kisha Kaliua, hata akafika Usinge, kituo kidogo ndani ya nchi ya miombo. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla yake, nchi hii ilikuwa ya miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliikata kutoka Ujiji na Unyanyembe hadi pwani, pembe za ndovu mabegani, na mwisho wa safari ulikuwa Unguja.

Atakaye kuijua historia ya njia hiyo haimtoshi kushuka Usinge akauliza. Hana budi naye asafiri, na safari yake ni ya kuelekea mbali zaidi, kwa kuwa makaratasi ya njia hiyo yametawanyika ughaibuni. Ya Wadachi yako Berlin, ya mabalozi wa Kiingereza yako London, na shajara za Stanley, aliyenaswa Tabora mwaka 1871 wakati Mirambo alipoifunga njia, zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Hesabu za wafanyabiashara wa Kimarekani zilihifadhiwa kwa miaka mingi Salem, Massachusetts, mji uliomleta Unguja balozi wa kwanza wa Marekani mwaka 1837.

Miongoni mwa walioyafuata makaratasi hayo ni Abdul Sheriff, mwanahistoria mzaliwa wa Unguja, aliyemaliza tasnifu yake Chuo Kikuu cha London mwaka 1971 na kutoa kitabu chake mashuhuri juu ya watumwa, viungo na pembe mwaka 1987. Katika bei zilizoandikwa na wageni alisoma jambo ambalo wageni wenyewe hawakukusudia kulieleza. Karne ya 19 bei ya pembe Unguja ilipanda mwaka hadi mwaka, ilhali nguo zilizoletwa, merikani ikiwa mojawapo, hazikupanda hivyo. Pengo lile la bei ndilo lililouvuta msafara ndani ya bara. Kila ndovu walipopungua mahali, faida iliweza kulipia mwendo wa kuwafuata mbele zaidi: Tabora, Ujiji, hata Manyema.

Lakini daftari lina upofu wake. Ndani yake ndovu ni frasila, yaani ratili 35 hivi. Hana umri wala pori alilozaliwa. Pembe iliyotoka magharibi ya Tabora, ikishapakiwa Unguja, iliitwa pembe ya Unguja, kisiwa kisichokuwa na ndovu. Ikaenda Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, ikachongwa vibao vya piano na vitana. Mpagazi naye hakuandikwa jina.

Habari za nyumbani za miaka ya karibuni zinasomeka kama ukurasa wa daftari lile lile. Sensa ya mwaka 2009 ilikadiria ndovu wa Tanzania kuwa kiasi cha 109,000. Ile ya mwaka 2014 ilikuta kiasi cha 43,000. Novemba 2013, katika bandari ya Zanzibar, zilikamatwa karibu tani 3 za pembe zilizofichwa chini ya makombe ya baharini. Kisiwa kilikuwa kimerudia kazi yake ya zamani: kuifuta pembe kwao.

Safari hii, hata hivyo, ilipatikana hati mpya, nayo ni pembe yenyewe. Mwaka 2015 Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walionyesha, kwa kulinganisha vinasaba vya shehena zilizokamatwa na vya kinyesi cha ndovu walio porini, kwamba sehemu kubwa ya pembe za nyikani zilitoka Tanzania, hasa kusini-mashariki, na kuingia Msumbiji ya kaskazini. Pembe imeweza kutaja kwao.

Bado mpagazi hajataja kwao. Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013 ilikusudiwa kuwanasa majangili. Kabla ya mwaka kwisha Bunge lilisikia ripoti ya wanavijiji walioteswa na kuuawa, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa. Anayebeba, na anayeishi kando ya pori, ndiye anayefikiwa kwanza na mkono wa sheria. Mwenye shehena yu mbali, kama alivyokuwa mbali tajiri wa Salem.

Mwaka 2019 Mto Ugalla, katika nchi hiyo hiyo ya magharibi, ulitangazwa hifadhi ya taifa. Ni jambo jema kwamba ndovu amepewa mpaka unaomlinda. Lakini mwanahistoria atakayekuja kuyasoma makaratasi ya zama zetu atazikuta idadi za ndovu, uzito wa pembe na namba za kontena. Kama hatutayaandika sasa majina ya watu wa Usinge na Kaliua na yale waliyoyaona, naye atalazimika kuvuka bahari kuwatafuta, na huko hatawakuta.