Marathoni ya kwanza kwa mtu anayeanza: ushauri kwa binamu yangu wa Namoruputh



Mwezi uliopita binamu yangu alinipigia simu kutoka Namoruputh. Ni mwalimu, mtoto wa Likoni, ana miaka 44, na huu ni mwaka wa sita anafundisha Turkana, upande wa barabara inayotoka Lodwar ikapita Lorugum kuelekea Lokiriama mpakani na Uganda. Daktari alimpima presha akamwambia apunguze uzito. Yeye tangu utotoni hafanyi jambo nusu, kwa hivyo akaamua kukimbia marathoni.

Siku ya pili ya mazoezi alitoka saa nne asubuhi na chupa ya nusu lita mkononi. Kufika kilomita ya saba miguu ikagoma na macho yakaingia kiza. Waliomwokoa ni akina mama waliokuwa wakirudi kuteka maji, mitungi ya lita ishirini vichwani. Walimlaza kivulini wakammwagia mtungi mzima. Alipopata fahamu, kilichomuuma zaidi si kichwa. Ni kule kujua kwamba mama mmoja atarudi tena kisimani kwa miguu, juani, kwa ajili ya mtu mzima aliyekuwa akikimbia kwa kupenda kwake mwenyewe.

"Niache au niendelee?" akaniuliza. Nilimwambia asiache, ila aanze upya kabisa. Mimi si kocha. Nimemaliza masafa hayo mara mbili tu, mara zote nikiwa karibu na mkia. Lakini niliyoyasoma na kuyapitia ninayaweka hapa, kwa sababu najua wako wengine kama yeye, Lodwar, Kakuma, na hata huku kwetu Pwani ambako joto ni la aina nyingine.

Kwanza masafa yenyewe. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Kipimo hicho kilitumika katika Olimpiki ya London mwaka wa 1908 na kikaidhinishwa rasmi mwaka wa 1921. Marehemu Kelvin Kiptum aliyamaliza kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35 huko Chicago mwezi Oktoba 2023. Sahau hesabu hiyo. Anayeanza akimaliza kwa saa tano anakwenda wastani wa dakika saba na kidogo kwa kila kilomita, na akimaliza kwa saa sita ni dakika nane na nusu. Hiyo ni kasi ya mtu anayechanganya mbio na kutembea, wala hakuna aibu ndani yake.

Kabla ya yote, pimwa. Aliyepita miaka arobaini, au mwenye presha, sukari, au historia ya moyo katika familia, asianze bila kumuona daktari na kumwambia waziwazi kwamba anataka kukimbia masafa marefu. Mtaje dawa unazotumia. Ziko dawa za presha zinazoongeza mkojo, na mtu anayezimeza akakimbia kwenye joto la Turkana anapoteza maji kwa njia mbili kwa pamoja. Halafu usimeze brufeni au diklofenaki ili uvumilie maumivu ya mbio ndefu. Figo zilizokaukiwa na maji hazitaki dawa hizo.

Sasa mazoezi. Mtu ambaye hajawahi kukimbia anahitaji miezi miwili au mitatu ya kujizoesha mpaka aweze kwenda kilomita tano bila kuteseka, ndipo aanze kuhesabu wiki kumi na sita hadi ishirini za marathoni yenyewe. Kwa ufupi, ni kazi ya nusu mwaka au zaidi. Anza kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, kwa nusu saa, siku tatu kwa wiki. Taratibu geuza hesabu hiyo mpaka mbio zizidi kutembea. Mmarekani Jeff Galloway, aliyekimbia Olimpiki ya 1972, alikuja kuwafundisha maelfu ya watu njia hii ya kupumzika kwa kutembea, na wengi wamemaliza marathoni kwayo. Kipimo cha kasi ni mdomo wako. Ukishindwa kuzungumza sentensi nzima huku ukikimbia, umezidisha. Wanaoanza karibu wote huzidisha.

Siku moja kwa wiki iwe ya mbio ndefu. Iongeze kidogo kidogo, kilomita moja au mbili, na kila wiki ya nne irudishe chini ili mwili ukae sawa. Kilele ni kilomita 30 au 32, wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Zaidi ya hapo hakuna faida kwa mwanagenzi. Baada ya kilele unapunguza, na hapo ndipo watu huharibu, maana unajiona una nguvu unataka kujipima. Usijipime.

Joto nitalieleza kwa urefu, maana ndilo lililomwangusha binamu yangu. Lodwar iko kwenye mwinuko wa mita mia tano hivi, na mchana joto hufika nyuzi 35 na kupita kwa sehemu kubwa ya mwaka. Watu wa Pwani hudhani kwa kuwa wamezaliwa kwenye joto basi wamemaliza shule. Nikukumbushe Machi 24, 2007, Mombasa, mbio za nyika za dunia. Waliokuja walikuwa wakimbiaji bora ulimwenguni, masafa ya wanaume yakiwa kilomita 12 tu, lakini jua na unyevu viliwavuruga wengi. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hajashindwa katika mashindano hayo kwa miaka, aliacha njiani, na ushindi ukachukuliwa na Zersenay Tadese wa Eritrea. Mwaka huohuo, Oktoba, marathoni ya Chicago ilisimamishwa katikati kwa sababu ya joto. Na Doha mwaka wa 2019, mbio za dunia za wanawake zilianza usiku wa manane ili kulikimbia jua. Walianza 68, na 28 hawakumaliza.

Mwili huzoea joto, lakini kwa siku kumi hadi kumi na nne za kujizoesha kidogo kidogo, si kwa Jumamosi mbili. Tena joto la Turkana ni kavu, na huo ni mtego. Mombasa jasho linakulowesha mpaka fulana inashikana na mgongo, unajua unapoteza maji. Namoruputh jasho linakauka kabla hujaliona. Unadhani hutoki jasho, kumbe chumvi imeshachora ramani kwenye nguo.

Kwa hivyo saa ya kukimbia ni baada ya swala ya Alfajiri. Jua la Lodwar huchelewa kuchomoza kama robo saa nyuma ya la Mombasa, hivyo mwenye kupiga mahesabu kwa mazoea ya Likoni atajikuta gizani. Asubiri mwanga, kwa ajili ya miiba, nyoka na usalama wake. Asipite peke yake njia asizozijua, na amwambie mtu anakokwenda. Wenyeji wanajua njia ipi ina amani wiki hii na ipi haina. Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walipatana hapo Lokiriama mwaka wa 1973, na hadi leo hukutana kuukumbuka mkataba huo, lakini mgeni anayekimbia mpakani kabla ya mapambazuko anaweza kudhaniwa mambo mengi.

Dalili za hatari zijue kwa moyo: kuyumba, kuongea maneno yasiyoeleweka, kichefuchefu, ngozi kuwaka. Mtu akifika hapo, mpoze kwanza. Kivuli, maji mwilini, upepo wa leso au kanga, ndipo utafute gari. Wale akina mama hawakusoma kitabu chochote cha tiba ya michezo, na walichofanya ndicho hasa madaktari wanachotaka kifanywe.

Maji ya kunywa nayo yana hesabu yake. Zamani tuliambiwa tunywe kadiri tunavyoweza. Watafiti walipowapima wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka wa 2002, asilimia 13 walikutwa na upungufu wa chumvi kwenye damu, na kilichohusika zaidi ni kunywa kupita kiasi mpaka mtu akamaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza. Hali hiyo inaua. Kunywa kwa kufuata kiu, kidogo kidogo, na kwa mbio za zaidi ya saa moja na nusu usitegemee maji matupu. Kinywaji cha nyumbani ni kile cha mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Pale Namoruputh liko na suala la adabu. Waturkana huita maji ngakipi, na neno hilo utalisikia kutwa, maana ndilo shughuli ya siku. Mkimbiaji hana haki ya kutoka nyumbani akitegemea mtungi wa mtu. Binamu yangu alimtafuta yule mama, akamlipia bodaboda ya kumletea maji kwa wiki mbili. Mama alicheka sana. Alisema hakumwagia maji ili alipwe, lakini bodaboda hakuikataa.

Kuhusu viatu, tuvuke mpaka Kakuma. Mwaka wa 2015 Tegla Loroupe, mshindi wa New York mwaka wa 1994 na 1995 na aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alifanya majaribio ya wakimbiaji katika kambi hiyo iliyoanzishwa mwaka wa 1992. Wengi walikuja miguu mitupu. Rose Nathike Lokonyen alikimbia bila viatu, na mwaka mmoja baadaye akabeba bendera ya timu ya wakimbizi Olimpiki ya Rio, akiwa mmoja wa watano waliotoka Kakuma. Lakini watu husahau kipande cha kati. Walipopelekwa Ngong kufanya mazoezi, majeraha yaliwaandama mwanzoni, na viatu visivyofaa vilikuwa sehemu ya sababu. Abebe Bikila alishinda Roma mwaka wa 1960 bila viatu, ndiyo, ila alikuwa amezoea, na Roma haina mathenge. Mti huo umetapakaa Turkana nzima na mwiba wake unatoboa hata tairi la pikipiki, sembuse soli.

Mitumba inatosha, mradi ukague. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, kiatu kimekufa hata kama juu kinang'aa. Chukua kinachoacha nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole gumba cha mguu, maana miguu huvimba. Epuka kufanya mbio ndefu kwenye laga. Mchanga ule ni mtamu kwa macho lakini unavuta kano za kisigino, na mvua ikinyesha milimani laga hujaa ghafla hata kama juu yako mbingu ni nyeupe.

Chakula hakihitaji maajabu. Mwili huhifadhi wanga wa kutosha kwa takriban kilomita thelathini, na baada ya hapo wakimbiaji husema wamegonga ukuta. Miguu inakuwa mizito, akili inanuna. Dawa yake ni kula ukiwa njiani, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Tende za kawaida sita hivi zinakaribia gramu 30. Mimi nilikimbia na tende zilizotolewa kokwa kwenye mfuko wa plastiki, na nilizijaribu kwanza kwenye mazoezi, kwa sababu tumbo lisilozoea linaweza kukuaibisha mbele ya umati. Usiku wa kuamkia kula wali au ugali kama kawaida, si karamu.

Ramadhani ikiangukia katikati ya ratiba yako, isogeze ratiba. Mwezi huo fanya mbio fupi tu, karibu na Magharibi ili ufuturu mara umalizapo, au usiku baada ya tarawehe. Mbio ndefu ziache mpaka Shawwal.

Mwisho, chagua mashindano kwa akili. Nairobi hufanyika karibu na mwisho wa Oktoba, hali ya hewa ni nzuri ila mwinuko ni zaidi ya mita 1,600, na mtu wa Lodwar au Mombasa atahisi pumzi imefupishwa. Lewa mwezi wa Juni ni pazuri sana, lakini ni vumbi, vilima na joto, si pa kuanzia. Moshi, Kilimanjaro, mwinuko wake ni wa chini kuliko Nairobi, ila njia ina mpando mrefu. Ushauri wangu ni kukimbia kwanza kilomita 10 za watu wengi, kisha 21, ndipo 42. Uliza mapema muda wa kufunga njia, usije ukafika ukakuta wanakunja mahema.

Binamu yangu sasa yuko wiki ya tatu. Jumamosi hii ana kilomita sita, dakika moja mbio na mbili kutembea, na maji yake ameshayatanguliza kwa bodaboda, galoni moja kwenye kilomita ya tatu, chini ya mti uleule.