Gusii Kwenye Mizani ya Mapato

Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka Nambari 10, wenye kanuni iliyoacha alama ya miongo mingi: fedha za maendeleo ziende kwanza mahali zitakapozaa zaidi. Milima ya Gusii ilikuwa na mvua, udongo mzuri na wakulima hodari. Waafrika walikuwa wameruhusiwa kulima kahawa Kisii tangu miaka ya 1930, Chifu Musa Nyandusi akiwa miongoni mwa waliotangulia kuipanda. Pareto na chai zikafuata. Kilichopimwa enzi hizo ni mavuno, na kaskazini kame iliumia.

Katiba ya 2010 ilibadili swali. Tume ya Ugavi wa Mapato ilitakiwa kupendekeza namna kaunti 47 zitakavyogawana fedha, na fomula ya kwanza, ya mwaka 2012, ilichanganya mambo matano: idadi ya watu asilimia 45, fungu sawa 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8, nidhamu ya matumizi 2.

Kwa Wagusii wa kaunti za Kisii na Nyamira, hoja ilikuwa watu na ardhi. Sensa ya 2019 ilikuta watu 1,266,860 Kisii, kwenye kilomita za mraba zipatazo 1,300, na 605,576 Nyamira, kwenye 900 hivi. Marsabit, ya kaskazini, ina kilomita za mraba takriban 70,000. Tume iliweka kikomo: hakuna kaunti itakayohesabiwa kuwa na chini ya asilimia 1 ya ardhi, wala zaidi ya 10. Kisii haifikii robo ya asilimia moja, kwa hiyo kikomo hicho kiliibeba.

Mbali na fomula, faharisi ya Tume, iliyounganisha umaskini, miundombinu, afya na elimu, ilitaja kaunti 14 zilizotengwa ambazo zingefaidi Hazina ya Usawazishaji. Kisii na Nyamira hazikuwemo. Ilikuwa haki kuanza na Turkana na Mandera, lakini wastani wa kaunti nzima humficha maskini anayeishi kwenye kipande kidogo cha shamba katikati ya majani chai. Sera ya pili ya Tume kuhusu maeneo yaliyotengwa, ya 2018, ilishuka hadi kata ndogo.

Mwaka 2020 pendekezo jipya la fomula lilishusha uzito wa watu hadi asilimia 18 na kuipa afya 17. Maseneta walivutana hadi Septemba 17, wengine wakidai “mtu mmoja, kura moja, shilingi moja”. Mkwamo uliisha serikali ilipoahidi kupandisha mgao wa kaunti zote kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi 370, ili asipunguziwe yeyote. Mwaka wa fedha 2021/22, Kisii ilipata bilioni 8.9 hivi na Nyamira 5.1.

Mwaka 2025 Seneti iliwarudishia watu asilimia 45, fungu sawa likapata 35, umaskini 12, ardhi 8. Kipimo cha afya kiliondoka, na hilo ni pigo. Hospitali ya rufaa ya Kisii hupokea wagonjwa wa Migori, Homa Bay na Narok. Kipimo kile kilitazama pia siku za kulazwa wodini, ilhali sasa mgonjwa huyo huhesabiwa kwao tu, hata dawa na kitanda vikitoka Kisii.