Somo la Redio: Ini na Mahindi Yenye Kuvu

Leo tutasoma habari za ini, nasi tutaanzia mbali kidogo.

Mwaka wa 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza. Maini yao yalikuwa yameharibika. Wataalamu wakafuata chakula chao, wakakuta mashudu ya karanga kutoka Brazili. Sumu ya namna hiyo ikaonekana hata katika karanga za Uganda, na mwaka wa 1961 kuvu inayoitoa ilipatikana humo. Sumu hiyo ni aflatoksini, namna moja ya sumukuvu.

Inaharibuje? Ini ndilo linalovunja sumu mwilini. Lakini likiivunja hii, hutokea kitu kikali zaidi, na pamoja nacho chembe za oksijeni zenye kuunguza. Umeona kutu inavyokula jembe? Ni mfano wa jambo hilo. Ini lina mlinzi wake, glutathioni. Hulitengeneza lenyewe kwa chakula cha kujenga mwili, kama maharagwe, maziwa na dagaa. Mlinzi huyu huishika sumu mpaka itoke mwilini. Basi akiba yake ikiisha, ini huungua. Mtu asiyekula vizuri ana akiba ndogo, na mlevi wa kila siku vilevile. Wanywaji wa mbege watusamehe.

Mwaka wa 2004, katika Makueni na wilaya za jirani huko Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Macho yaligeuka manjano. Ilionekana kwamba mahindi yenye unyevu yaliyowekwa ndani ya nyumba ndiyo yaliyoleta hatari. Mwaka wa 2016 maradhi hayo yalifika kwetu, Dodoma na Manyara, yakaua watu 20.

Siku hizi wako wauzaji wa dawa za chupa wanaosema zinasafisha ini. Usiharakishe kutoa fedha. Wala kupika ugali hakuiondoi sumu hii. Ninyi mnaovuna mahindi tambarare mkayapandisha mlimani kwenye ukungu wa Julai, kaushieni huko huko chini. Kisha tia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikishika kwenye chupa, yarudishe juani.