Picha za mandhari nyeusi na nyeupe: Rangi haifutwi, hugeuzwa mwanga

PICHA ya mandhari nyeusi na nyeupe huchukuliwa na wengi kuwa ni picha ya kawaida iliyoondolewa rangi. Dhana hiyo imeshamiri tangu kamera na simu zilipowekewa kitufe cha kufanya kazi hiyo kwa sekunde moja, nayo ndiyo chanzo cha picha nyingi za milima na bahari kuonekana kijivu kitupu, mithili ya nguo iliyochujuka.

Ukweli ni kwamba mpiga picha hulazimika kuamua kila rangi iwe na weupe au weusi wa kiasi gani. Asipoamua yeye, mashine itamwamulia.

Kanuni iliyozoeleka katika kompyuta huchanganya takriban asilimia 30 ya mwanga mwekundu, asilimia 59 ya kijani na asilimia 11 ya bluu, kwa kufuata namna jicho la binadamu linavyopokea mwanga. Kwa kanuni hiyo, maua mekundu ya mkrismasi yanayowaka katikati ya majani mabichi yanaweza kupata kijivu kilekile cha majani, na mti mzima ukawa doa moja.

Tatizo hilo lilikuwapo kabla ya kompyuta. Aprili 10, 1927, Mmarekani Ansel Adams, wakati huo akiwa na umri wa miaka 25, alipanda hadi mahali panapotazamana na mwamba wa Half Dome katika bonde la Yosemite, California, akiwa amebakiwa na vioo viwili tu vya kupigia picha. Kioo cha kwanza alikitumia akiwa ameweka kichujio cha manjano mbele ya lenzi, kisha akatambua kwamba anga lingetoka jeupe mno na mwamba ungekosa uzito aliouona. Kwa kioo cha mwisho aliweka kichujio chekundu. Kwa kuwa wekundu huzuia mwanga wa bluu, anga lilitoka karibu jeusi na theluji ikang'ara. Picha hiyo, "Monolith, the Face of Half Dome", ndiyo iliyofungua njia yake.

Leo uamuzi huo unaweza kusubiri hadi mezani. Kamera za dijitali zilizo nyingi hurekodi mwanga kupitia vichujio vidogo vya rangi nyekundu, kijani na bluu vilivyo juu ya kihisi chake, kwa hiyo kumbukumbu ya rangi zote hubaki ndani ya faili. Ndiyo sababu inashauriwa kupiga picha kwa rangi katika faili ghafi, halafu kuibadili kwa programu kama Photoshop, au GIMP na darktable ambazo hazilipiwi. Humo bluu hushushwa ili anga likolee, na manjano hupandishwa ili nyasi kavu ziangaze.

Faili ya JPEG huweza kubeba ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, ilhali faili ghafi ya biti 14 hubeba 16,384. Tofauti hiyo haionekani hadi anga linapoanza kukolezwa. Hapo JPEG hutoa michirizi badala ya mteremko laini. Hata faili ghafi ina mwisho wake. Bluu ikishushwa kupita kiasi, anga hujaa chembechembe na ukingo wa mlima huzungukwa na mstari mweupe, kasoro inayoonekana katika picha nyingi zinazosifiwa mitandaoni.

Uwanjani, kinachotafutwa ni kivuli. Asubuhi na jioni jua hupita ubavuni na kuchora mikunjo ya ardhi. Saa sita mchana, hasa katika nchi za ikweta, vivuli hujificha chini ya vitu vyenyewe na ardhi huwa bapa. Mwanga upimwe kwa kulinda mawingu, kwa sababu weupe uliopitiliza katika faili ya dijitali haurudishwi, wakati giza la wastani huweza kuinuliwa.

Baada ya hapo huja kazi ya kuangaza sehemu moja na kukoleza nyingine. Adams aliifanya kwa mikono katika chumba cha giza. Picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliyoipiga Novemba 1, 1941, aliisafisha upya kwa miongo kadhaa. Katika nakala za mwanzo anga lina mawingu hafifu, katika za baadaye ni jeusi tii. Mwaka 1948 aliiongezea negativu yenyewe nguvu kwa kemikali upande wa chini.

Je, mkono huo uishie wapi? Katika picha ya safu ya Sierra Nevada aliyoipiga Lone Pine mwaka 1944, Adams alifuta herufi "LP" ambazo wanafunzi wa mji huo walikuwa wamezipanga kilimani kwa mawe meupe. Kwa msanii hilo lina watetezi wake. Kwa chombo cha habari ni jambo jingine: jarida la National Geographic lililaumiwa vikali kwa kusogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee katika jalada lake la Februari 1982.

Shindano la World Press Photo huruhusu picha kugeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, lakini si kuongeza au kuondoa kitu, na huwataka wanaofika hatua za mwisho wawasilishe faili za awali. Mwaka 2015, takriban asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho ziliondolewa kwa sababu ya kuchezewa. Miongoni mwa kasoro zilizotajwa ni kukoleza giza kupita kiasi, hadi vilivyokuwamo ndani ya kivuli vikatoweka.