Kauboi, ng'ombe na sungusungu

Mitihani imeisha, Malimbe imepoa, wengi wameshapanda mabasi kwenda kwao. Mimi na mwenzangu wa chumbani tuliobaki tumeitumia wiki nzima kuangalia picha za kikauboi, zile za zamani kabisa, nyingine hazina hata rangi. Alikuja nazo kwenye flashi, kapewa na mjomba wake. Nilitegemea nitasinzia. Wapi! Siku ya kwanza tu tulilala saa tisa usiku, tunabishana kama watu wa Simba na Yanga.

Sasa mi ni mtu wa historia, nikaanza kujiuliza: picha iliyotengenezwa Marekani mwaka 1952 inamhusu nini mtu wa Kanda ya Ziwa?

Kwanza, hatukuanza sisi. Miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville (leo Kinshasa) walijiita Bills, jina walilolitoa kwa Buffalo Bill, wakavaa na kutembea kama makauboi. Kule Copperbelt, Zambia ya leo, wachimba shaba walizipenda hizi picha kuliko zote, na kila shujaa walimwita Jack, hata kama jina lake ni lingine. Si ndo sisi tunavyosema "steringi"? Jina lake la nini, mradi hafi! Wakoloni waliogopa wakaweka wakaguzi wa picha, maana Mwafrika kumwona Mzungu anapigwa ngumi na Mzungu mwenzake lilikuwa jambo zito.

Huku kwetu wazee walienda sinema. Kumbukeni Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar walianza miaka ya 1970. Kwa hiyo ukitaka kuona picha unakata tiketi. Zikaja na zile za Kiitaliano zilizopigwa Hispania, kina Django (1966), na mpaka leo ukimtajia mzee jina hilo anacheka peke yake.

Lakini mazoea hayatoshi kueleza. Nadhani kinachotugusa ni ng'ombe.

Chukua Red River ya mwaka 1948. John Wayne ana maelfu ya ng'ombe Texas ambako vita vimeua bei. Anaamua kuwaswaga mpaka kwenye reli ya kaskazini, safari ya miezi. Vumbi, mito, mifugo inakurupuka usiku, vijana wanagoma. Hii si hadithi ya kubuni tu, kuanzia mwaka 1867 ng'ombe wa Texas walitembezwa kweli mpaka Abilene, Kansas. Na makauboi wenyewe wengi hawakuwa Wazungu: kulikuwa na Wamexico waliowafundisha wengine kazi, na Weusi wengi waliotoka utumwani. Sasa mtu aliyekulia Magu au Kwimba utamweleza nini kuhusu kuswaga ng'ombe? Wasukuma wamehama na mifugo yao kutoka huku mpaka Usangu, Rukwa na Kilombero, na mwaka 2006 na 2007 walioondolewa Ihefu wengine waliishia Lindi. Hiyo ni safari ndefu jamani, na hakuna aliyeitengenezea picha kubwa.

Halafu kuna ugomvi wa ardhi. Shane (1953) inahusu wakulima wadogo wanaojenga uzio na tajiri wa ng'ombe anayetaka nyanda zote zibaki wazi. Mwaka 1892 huko Wyoming, kaunti ya Johnson, matajiri wa mifugo walikodi watu wenye bunduki kuwashambulia walowezi wadogo. Mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wanajenga kituo chao hapa Mwanza. Ukiangalia Shane ukiwa Mtanzania huwezi kuacha kufikiria Kilosa, Desemba 2000, wakulima na wafugaji walipopigana na watu 38 wakauawa. Tofauti ni kwamba kwenye picha anatokea mtu mmoja mwenye bastola, anamaliza kesi, anaondoka na farasi wake. Kilosa hakutokea Shane, na hata angetokea sidhani bastola yake ingesaidia.

Hapo ndipo tulipobishana mpaka saa tisa. Picha ilikuwa High Noon, ya 1952. Askari wa mji, Will Kane (Gary Cooper), ametoka kufunga ndoa. Anasikia muuaji aliyemkamata zamani anarudi na treni ya saa sita mchana. Anaomba msaada baa, anaomba kanisani, kila mtu ana sababu zake. Mji mzima unamwacha. Anapigana karibu peke yake, bibi harusi ndiye anayemwokoa, mwisho anaitupa beji yake chini mavumbini. Mwenzangu, Msukuma wa Misungwi, akasema: "Huu mji ungekuwa kwetu, huyu jamaa asingekaa peke yake dakika tano. Yowe moja tu."

Na kweli. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 silaha zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukazidi, polisi wako mbali au hawafiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia Shinyanga, wanavijiji wakaunda sungusungu. Upinde, mishale, yowe likipigwa kila mwanaume anatoka, asiyetoka anatozwa faini au anatengwa. Polisi na mahakama hawakufurahi, Mwalimu Nyerere akawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua.

Inasemekana John Wayne aliichukia High Noon, na mwaka 1959 yeye na Howard Hawks wakajibu kwa Rio Bravo, ambapo askari anasaidiwa na mlevi, kilema na kijana mdogo. Kidogo wamesogea, lakini bado ni watu wanne, si kijiji!

Ila tusijisifu sana. Sungusungu hao hao waliwatesa watu kwa tuhuma tupu, wakiwemo akina mama wazee walioitwa wachawi. High Noon inaonyesha ubaya wa mji unaomwacha mtu mmoja. Historia yetu inaonyesha ubaya wa kijiji kizima kinapomgeukia mtu mmoja. Ukiziweka pamoja unapata swali ambalo polisi wakiwa mbali halikwepeki: nani anamlinda anayeshtakiwa?

Na kuna watu wengine ambao picha hizi zinawaruka, wenye ardhi. Sheria ya mwaka 1862 iligawa eka 160 kwa mlowezi kama vile nchi haikuwa na wenyewe, na mwaka 1890 jeshi likaua mamia ya Walakota pale Wounded Knee. Kwenye picha nyingi wao ni vumbi na mishale tu. Sisi tuliowahi kuitwa nchi ya Wajerumani tunatakiwa kuliona hilo haraka kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo ushauri wangu: ziangalieni, anzeni na High Noon, dakika 85 tu. Ila mkiwa na mzee aliyechunga, mkalisheni karibu. Msimnyamazishe akianza kuongea juu ya picha. Hizo hadithi zake hazijaandikwa popote, na sisi wa historia tunamaliza digrii bila kuzisikia.