Jembe, Posho na Nguvu ya Wazee Katika Katanga

Wengi katika mji wetu wanasema kwamba wazee wa zamani walikuwa na nguvu kuliko wazee wa leo. Tuangalie neno hili vizuri. Zamani si wengi waliofikia uzee, sababu malale, ndui na njaa viliwaondoa watu wangali vijana. Lakini wale waliofikia waliendelea kutembea na kulima. Kwao chakula na kazi vilikuwa kitu kimoja: aliyetaka kula alishika jembe.

Mababu walilima mtama na ulezi. Mihogo, mahindi na karanga vilitoka Amerika, vikaingia kwa njia ya Wareno, vikafika polepole mpaka huku kwetu. Kitoweo kilikuwa majani ya pori, samaki wa Luapula na Lufira, na vinkubala katika majira yao.

Katika mwaka wa 1906 ikazaliwa Union Minière, na katika 1910 mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Wafanyakazi wa kwanza walikufa wengi kwa magonjwa ya mapafu na kuhara. Tangu karibu mwaka wa 1928, kampuni ilianza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto, na kuwapa posho: unga wa mahindi, nyama, maharagwe, karanga, mafuta na chumvi. Posho iliokoa maisha, hiyo ni haki tuiseme. Lakini ilileta pia wazo jipya: chakula kinatoka kwa kampuni, na nguvu ya mwili ni ya kampuni. Basi kazi ikiisha, mwili nao ukae.

Katika 2003, Gécamines, iliyorithi Union Minière, iliachisha kazi watu zaidi ya 10,000, wenye miaka zaidi ya 25 ya utumishi. Posho ilikwisha, lakini lile wazo lilibaki. Baba wengi walijikuta na kiti chini ya mwembe, bukari nyeupe ya unga uliokobolewa, bitoyo yenye chumvi nyingi na chai ya sukari. Kumbe mama wengi, tangu mishahara ilipoanza kuchelewa katika miaka ya 1990, walikuwa wamerudi shambani kando ya mji. Ni wao waliochunga njia ya mababu.

Elimu ya leo inawapa haki. Misuli isiyofanya kazi inapunguka, na katika uzee inapunguka haraka zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya 2020, linaomba mtu wa miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 za mwendo kwa juma, kazi ya kutia misuli nguvu siku mbili, na mazoezi ya kusimama imara siku tatu, ili asianguke. Kwenda shambani, kulima kidogo na kubeba kikapu cha lengalenga kunatosha kwa sehemu kubwa ya hesabu hiyo.

Lakini jembe bila chakula kizuri linachosha tu. Misuli inajengwa na protini. Vinkubala vikavu vina protini karibu nusu ya uzito wao au zaidi. Vikiwa bei kali, maharagwe na karanga vinasaidia. Ndagala zinaliwa pamoja na mifupa yake, hivyo zinatia nguvu mifupa yetu. Bitoyo iloweshwe kwanza, maji yamwagwe, sababu chumvi yote ya siku isipite gramu 5.

Linabaki jambo la heshima. Watoto wetu wanasema: «Baba, muikale, mupumuzike.» Wanasema kwa upendo, lakini mzee anayekatazwa kila kazi anapoteza miguu yake kidogo kidogo. Mwenye ugonjwa wa moyo au tension aulize kwanza muganga. Wengine, tusiwanyang'anye jembe kwa jina la heshima. Tuwatafutie jembe jepesi na shamba la karibu, na wakirudi wakute maharagwe yameiva.