Profesa Mwenye Zamu Wodini

Mtu wa Mahurunga aliyezaliwa kabla ya chanjo ya surua hana haja ya kuelezwa upofu wa mtoto unavyoanza. Mtoto anapata homa, vipele vinatoka, macho yanakuwa mekundu na kukataa mwanga. Kwetu huku kwenye mdomo wa Ruvuma mgonjwa wa surua alifungiwa ndani gizani, akanyimwa vyakula kadha wa kadha, na wakubwa wakaleta majani ya kumkamulia machoni. Vipele vilipokauka akatolewa nje, na kwa baadhi ya watoto kioo cha jicho kilikuwa kimegeuka cheupe kama tui. Nimekaa dawati moja na wenzangu wa namna hiyo, kabla hawajaacha shule kwa sababu ubao hawakuuona.

Nimeanza na surua kwa sababu nimefanya kazi ya uuguzi wa macho hadi kustaafu, na vijana wa vyuo wanaokuja kunisalimia hawaachi kuniuliza: hivi daktari bingwa akishakuwa profesa, bado ana kazi gani na mgonjwa? Wanauliza kwa kuwa wanaona cheo kinapopanda mtu anahamia kwenye viyoyozi na semina. Nawajibu kwa historia. Elimu ya macho katika nchi hii ilijengwa na watu ambao hawakuachana na wodi, na ilipoachana nayo, sisi wa vijijini tulijua.

Kusini hatukuanza na mabingwa wa macho. Tulianza na madaktari wa misheni waliofanya kila kitu, nao walikaa bara, mbali na sisi wa pwani. Aliyejulikana kuliko wote ni Leader Stirling, Mwingereza aliyefika Masasi mwaka 1935 chini ya misheni ya UMCA, akaendesha hospitali ya Lulindi. Alipasua, akazalisha, akafundisha wauguzi palepale penye wagonjwa. Mwaka 1949 akahamia Mnero, Nachingwea, kwa Wabenediktini. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri wa Afya, kazi aliyoishika hadi 1980. Wazee wa Masasi hawakumwita waziri hata baada ya hapo. Kwao alibaki daktari. Ndanda nako Wabenediktini walikuwa na hospitali kubwa, na Mtwara mjini, miaka ya vita vya Msumbiji, FRELIMO walikuwa na hospitali yao iliyoitwa Américo Boavida. Hiyo ilikuwa ya vita zaidi kuliko ya macho.

Kutoka Mahurunga kwenda Masasi ni zaidi ya kilomita 200. Asiyeona hasafiri peke yake: anataka mtu wa kumshika mkono, basi nauli ni mbili kwenda na mbili kurudi, na shambani wanapungua watu wawili wakati mpunga wa bondeni unasubiri kuvunwa. Hesabu hiyo ilimaliza safari nyingi kabla hazijaanza. Bibi wa nyumba ya jirani yetu alikaa barazani miaka na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, akitutambua kwa sauti, na hakuna aliyeona kwamba huo ni ugonjwa wa kutibiwa. Ulikuwa uzee tu.

Sasa tuiache kusini kidogo twende Dodoma, maana mambo yaliyokuja kubadili utoto wa Mahurunga yalitokea huko. Mwaka 1975 daktari kijana kutoka Uingereza, Allen Foster, alifika hospitali ya misheni ya Mvumi. Akakaa miaka kumi. Ugogoni ni kukavu, mboga za majani ni za msimu, na surua ikipita ilikuta watoto ambao mwili hauna akiba ya vitamini A. Kioo cha jicho kilikuwa kinayeyuka mbele ya macho ya daktari. Wengi wangetibu wanayemkuta na kumshukuru Mungu kwa wanaopona. Foster alitibu, na akaandika. Kila mtoto aliyelazwa na kidonda cha jicho alichunguzwa chanzo chake: ni surua, ni njaa ya vitamini, ni virusi, ni dawa ya majani? Watoto walikuwa 130, na matokeo yalichapwa mwaka 1987 pamoja na Alfred Sommer wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Asilimia 37 ya vidonda vilifuatia surua. Upofu wa macho yote mawili ulisababishwa zaidi na ukosefu wa vitamini A.

Sommer alikuwa ameshafanya kazi kubwa ya vitamini A nchini Indonesia. Alikuwa na hoja na hesabu. Mvumi walikuwa na vitanda. Hapo ndipo ulipotoka utafiti mwingine, ambao nawaambia vijana waukariri. Watoto 180 waliolazwa Mvumi kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu. 88 walipewa vitamini A, yuniti 200,000 siku ya kwanza na kipimo kilekile siku ya pili. 92 walipata matibabu ya kawaida. Katika wale 88 walikufa 6. Katika wale 92 walikufa 12. Tofauti kubwa ilikuwa kwa watoto wa chini ya miaka miwili. Ripoti iliandikwa na Barclay, Foster na Sommer katika jarida la madaktari la Uingereza, Januari 1987, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakapendekeza mtoto mwenye surua apewe vitamini A katika nchi zenye upungufu huo.

Nakuomba msomaji uziangalie tena namba hizo. Ni ndogo. Ni wodi moja ya watoto katika hospitali ya kijijini. Aliyezikusanya alijua kila kitanda, kwa hiyo ziliaminika. Profesa wa mbali peke yake asingezipata, na daktari wa wodini peke yake asingejua namna ya kuzipanga zikasimama mbele ya wanasayansi. Foster aliondoka mwaka 1985 kwenda London, kwenye kituo cha kimataifa cha afya ya macho alichokuwa amekianzisha Barrie Jones mwaka 1981, akawa profesa, baadaye akaongoza shirika la CBM. Wanafunzi wake walitoka kila kona ya dunia, na aliwafundisha mambo aliyoyaona Mvumi.

Mpango wa chanjo wa taifa ulishaanza mwaka 1975. Matone ya vitamini A yalifuata baadaye, na yalipoanza kutolewa kwa kampeni, kila Juni na Desemba, nilikuwa miongoni mwa waliotumwa vijijini. Kapsuli ya buluu ni ya mtoto wa miezi sita hadi kumi na moja. Nyekundu ni ya mwaka mmoja hadi mitano. Unakata ncha kwa mkasi, unabana mashavu ya mtoto kidogo, unakamua. Mafuta yanabaki vidoleni siku nzima. Akina mama wa Mahurunga walipanga foleni chini ya mwembe, wengine wamevuka mto kwa mtumbwi kutoka kwa ndugu zao wa ng'ambo, na hatukumuuliza mtu uraia. Ile nyekundu ilikuwa na yuniti 200,000 zilezile za Mvumi. Kidogo kidogo watoto wa macho meupe wakaacha kuja kliniki, na leo muuguzi kijana anaweza kufanya kazi miaka bila kumwona mmoja aliyepofuka kwa surua.

Dawa za majani hazikuondoka upesi namna hiyo. David Yorston na Foster walichapa mwaka 1994 kwamba kati ya wagonjwa 103 wa vidonda vya kioo cha jicho waliofuatiliwa katikati ya Tanzania, robo walikuwa wametumia dawa za kienyeji. Sikushangaa. Mimi mwenyewe nimewasafisha macho yaliyojaa utomvu.

Mimi nilijifunzia Moshi, KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Kwa mtoto wa Mahurunga ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, masika ilikuwa inaamua utafika lini. KCMC walifanya jambo ambalo liliwakera baadhi ya wakubwa: walifundisha waganga wasaidizi kupasua mtoto wa jicho, kwa kuwa mabingwa walihesabika kwa vidole na wengi walikuwa mijini. Ukitaka kumfundisha mtu asiye bingwa akapasue peke yake wilayani, huwezi kumfundisha ubaoni. Mwalimu anakaa upande wa pili wa kitanda, darubini moja, na mkono wake uko tayari kupokea kisu. Ndivyo tulivyowaona wakifanya, asubuhi hadi jioni siku ya upasuaji, na kesho yake walewale wakatuongoza raundi. Kanuni ya raundi ilikuwa kali: usishike faili kwanza. Mwangalie mgonjwa, mwambie ahesabu vidole, sema unachoona, ndipo usome kilichoandikwa na mwenzako. Nimeona wengi wakiumbuka kwa kanuni hiyo, wakiwemo wenye digrii mbili.

Upasuaji wa siku zile ulitoa lenzi nzima nzima, bila kuweka nyingine. Mgonjwa alilala chali, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa, akaambiwa asikohoe. Akaondoka na miwani mizito iliyomfanya aone mlango uko karibu kuliko ulivyo. Miwani ikivunjika, na kijijini huvunjika, mtu anarudi alikotoka. Kwa njia hiyo ilikuwa lazima kusubiri mtoto wa jicho akomae kabisa, na upasue jicho ambalo limeshapoteza kila kitu, maana ulichokuwa unampa mgonjwa kilikuwa na kasoro zake. Basi tukawa tunawaambia: nenda nyumbani, subiri liive.

Mabadiliko yalitoka India. Kule Madurai, hospitali ya Aravind iliyoanzishwa mwaka 1976 na Dk. Venkataswamy, mwalimu wa upasuaji aliyekuwa na vidole vilivyopindwa na ugonjwa wa viungo, ilifungua kiwanda cha lenzi za kuwekwa ndani ya jicho, Aurolab, mwaka 1992. Lenzi iliyokuwa anasa ikawa kitu cha dola chache. Mbinu ikabadilika yote. Waliokuwa wakitufundisha walilazimika kukaa tena kwenye kiti cha mwanafunzi, mtu mzima mwenye mvi akijifunza kushona upya, na waliokubali kufanya hivyo ndio waliendelea kuwa walimu.

Kuna walioshindwa. Nimewahi kukaa kwenye mafunzo, chuo sitakitaja, ambapo mhadhiri aliyekuwa ameacha kupasua miaka mingi alisimama akatufundisha kusubiri mtoto wa jicho aive, wakati lenzi zimeshajaa kabatini. Waganga wa zahanati waliomsikiliza walirudi vijijini na neno hilo.

Na kope nazo zina kisa chake. Mtwara na Lindi zimeteswa na vikope, ugonjwa unaokunja ukope hadi nywele zikwangue jicho. Akina mama walikuja na vibanio shingoni, wanang'oa kope zao wenyewe kila asubuhi. Utafiti mkubwa wa ugonjwa huo nchini ulianzia Kongwa miaka ya 1980, ukiongozwa na akina Sheila West na Hugh Taylor. Kongwa, kama Nachingwea yetu, ilikuwa shamba la ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioishia kutujengea bandari ya Mtwara. Karanga zilishindwa, wanasayansi walipata zaidi. Walithibitisha kwa jaribio la vijiji sita, lililochapwa mwaka 1995, kwamba kuwaosha watoto uso kunapunguza vikope vikali. Baadaye, huku huku kusini mwa Tanzania, Emily Gower na Shannath Merbs, huyu wa pili akiwa daktari wa upasuaji wa kope, walipima kibanio kipya cha upasuaji kwa wagonjwa zaidi ya 1,900. Matokeo yalitoka mwaka 2013: kope zilirudi kwa kiasi kilekile, kwa kibanio kipya na kwa njia ya zamani. Mwenye kubuni kifaa akakipima kwa haki na kukubali jibu. Hilo nililipenda kuliko kifaa chenyewe.

Siku hizi mabingwa wanasomea Muhimbili, Moshi na kwingineko, na tangu 2012 kuna chuo cha pamoja cha madaktari wa macho wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika, COECSA. Wako wanaoendeleza mwendo wa zamani. Milka Mafwiri wa Muhimbili, kwa mfano, aliandika mwaka 2005 kuhusu presha ya macho kutokana na wagonjwa wa kliniki. Na Mtwara, mbali ya hospitali ya mkoa ya Ligula, sasa tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Jengo ni zuri. Ninachowaombea wanaoliendesha ni kwamba bingwa wa macho watakayempa wanafunzi wampe pia siku zake za upasuaji, na asipandishwe cheo kwa kunyang'anywa darubini.

Bado nakutana na watu Mahurunga, hata Kilambo kwenye kivuko, wanaoniambia mama ana mtoto wa jicho lakini waliambiwa wasubiri aive. Ushauri huo ulikufa pamoja na ile miwani mizito. Kama mzazi wako hamtambui tena mtu hadi aongee, mpeleke Ligula akapimwe mwezi huu, kabla ya mvua kukata barabara.